Kumfundisha Mwenye Njaa Kula

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita, na wiki chache zilizopita alikuja Dodoma kunitembelea. Siku ya pili, tulipokuwa tukichambua mlenda barazani, alinitolea lililomleta.

"Shangazi," alisema, "nimeona masomo ya lishe kwenye orodha ya vyuo, na alama zangu zinaruhusu. Lakini baba anasema hiyo si kazi. Eti mtu hahitaji digrii ili ajue kwamba mtoto apewe mayai. Wewe umeifanya miaka thelathini. Ni kazi kweli?"

Nilicheka, maana maneno hayo si mageni kwangu. Wako ndugu zangu ambao hadi leo, wakisikia kwamba nilikuwa afisa lishe, huuliza kibanda changu kilikuwa stendi ipi. Kwao lishe ni mama lishe, yule anayepika wali na maharage kando ya barabara. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Ndani ya maneno ya kaka yangu, ambayo yeye aliyasema kwa dharau, mna swali ambalo nimekaa nalo tangu nilipoanza kazi. Mtu aliyeshiba anapata wapi haki ya kumwambia mwenye njaa ale nini?

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi kazi yangu yote ilikuwa ya mwenye shibe kumfundisha mwenye njaa. Mshahara wangu ulikuja mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Wale niliowafundisha walikuwa wakitazama mawingu. Katika nchi hii ya Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ikikatika Januari kwa wiki tatu tu, mtu huanza kuhesabu debe zilizobaki ghalani. Anayehesabu debe hahitaji kuambiwa kwamba chakula ni muhimu.

Mimi niliipenda kazi hii nikiwa bado mtoto. Mwaka 1975 serikali iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, baada ya ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, kisha wakasomewa kitabu na kujadiliana. Sisi watoto tulikaa pembeni tukitega masikio. Kwangu lilikuwa jambo la ajabu kwamba chakula, kitu cha kila siku, kinaweza kuwa somo. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kututajia maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Nikajichagulia adui wangu. Niliamini kwamba watoto wa vijijini wanadhoofika kwa sababu mama zao hawajui, na kwamba wakishajua, watoto watanawiri. Niliposomea lishe na kuajiriwa, imani hiyo nilikuja nayo kama mtu anavyokuja na begi lake.

Ilikuwa mwezi wa Februari, mwanzoni mwa kazi yangu, katika kijiji kimoja magharibi ya mji wa Dodoma. Tulikuwa na kliniki ya mkoba chini ya mbuyu. Mizani ilining'inizwa kwenye tawi, na bango langu la picha nilikuwa nimelitundika kwenye shina: mayai, samaki, maziwa, karanga, mapapai. Akaja mama mmoja, umri wake haukuzidi miaka ishirini, amebeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, na hakulia alipowekwa kwenye mizani. Alitazama tu. Ulikuwa unyafuzi, na haukuhitaji kipimo.

Mama mkwe alikuwa amefuatana nao. Akasema, si kwa kunong'ona, "Mtoto huyu amebemendwa."

Msomaji aliyekulia vijijini analijua neno hilo na uzito wake. Kumbemenda mtoto ni kumdhuru kwa kosa la ndoa: baba au mama ametoka nje wakati mtoto bado ananyonya, au mama ameshika mimba nyingine kabla ya wakati. Na ingawa wazazi ni wawili, kidole huelekezwa kwa mama. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliinamisha macho. Yule binti hakusema neno.

Damu ilinichemka. Nikasimama mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti kwamba hakuna cha kubemendwa. Nikasema mtoto huyu anaumwa kwa sababu hakupewa chakula cha kutosha na chenye kujenga mwili. Nikaonyesha bango langu. Angepewa karanga, maharage na maziwa, mara tano kwa siku, yasingetokea haya. Kisha tukawaandikia barua ya hospitali, mama na mtoto wakaondoka. Mimi nilirudi mjini nimeridhika. Nilijiona nimemwokoa mwanamke kutoka kwenye aibu, tena kwa elimu.

Baada ya miezi miwili nilirudi. Mtoto aliletwa na bibi yake, na miguu ilikuwa imeanza tena kuvimba. Hospitali alikuwa ametoka mzima. Nikauliza mama yu wapi. "Karudi kwao," nikaambiwa. Mumewe alikuwa amesema hivi: kama si uzinzi, basi ni uvivu, maana mtaalamu mwenyewe amesema mbele ya kijiji kwamba hakumlisha mwanangu. Na kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, mtoto alibaki upande wa baba.

Tulimpeleka mtoto hospitali mara ya pili, akapona. Nami nikatafuta njia ya kwenda kwa akina yule mama, kijiji cha jirani. Nilimkuta akitwanga uwele. Akanikaribisha kwa "mbukwa" na kigoda, kama desturi inavyotaka, wala hakuonyesha hasira. Ndipo nilipouliza, kwa mara ya kwanza, siku yake ilikuwaje.

Wakati wa palizi alikuwa akitoka kabla ya jua kuchomoza. Mtoto alimwachia wifi yake mdogo, msichana wa miaka sita, pamoja na uji mwepesi kwenye sufuria. Mchana alirudi na kuni, akaenda kisimani, akarudi, akasaga, akapika. Chakula kilipoiva, giza lilikuwa limeingia na mtoto amelala. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Mara tano ulizosema, dada," aliniambia, "nani angekuwa nyumbani?"

Nikamuuliza kuhusu karanga. Akaacha kutwanga.

"Karanga nilizipanda mimi. Nikapalilia mimi. Zilitoka magunia mawili. Yakauzwa yote, na fedha sikuziona." Kisha akasema, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "Ulichosema ni kweli. Lakini mbona hukuniuliza kitu?"

Sijawahi kupata jibu la swali hilo linaloniridhisha. Ninachokijua ni kwamba siku ile chini ya mbuyu nilimvua yule mama lawama moja nikamvisha nyingine. Mama mkwe alisema wewe ni mzinzi. Mimi nikasema wewe ni mjinga. Maneno ni tofauti, ila yote mawili yalimwacha peke yake mbele ya kidole. Na la kwangu lilikuwa na nguvu zaidi kwa sababu lilikuwa na mhuri wa serikali. Hata siwezi kusema kwamba elimu yangu ilikuwa ya uongo. Mtoto kweli alikosa chakula cha kujenga mwili. Ukweli nao unaweza kumdhulumu mtu, ukisemwa na asiyejua mzigo wa anayeambiwa.

Hata ile imani ya kubemenda, niliyoikanyaga kwa haraka, ilikuwa na punje ya kitu ndani yake. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja, Cicely Williams, aliyefanya kazi Pwani ya Dhahabu, nchi tunayoiita Ghana leo, aliueleza ugonjwa huu kwa madaktari wenzake. Hakuupa jina la Kilatini. Alichukua jina walilolitumia wanawake wa Kiga wa huko, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayempisha mdogo wake. Alikuwa ameuliza. Wanawake wa Accra walikuwa wameona kwamba mimba zikifuatana upesi, mtoto wa kwanza huathirika. Wazee wetu waliona jambo hilohilo. Tatizo ni kwamba walilifunga ndani ya hukumu juu ya mwanamke. Ningekuwa na subira, ningeweza kuichukua punje nikaacha makapi, tukazungumza juu ya kupanga uzazi na watu ambao tayari walijua nusu ya somo.

Wataalamu wasiouliza si wageni katika mkoa huu. Mwaka 1947, huko Kongwa, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta ili wapate mafuta ya kula kwa ajili ya watu wa kwao, waliokuwa katika uhaba baada ya vita. Walikuwa na wanasayansi, mashine na mamilioni ya pauni. Lakini mvua ya Kongwa haitabiriki, na udongo wake wa mfinyanzi ukikauka huwa mgumu kama saruji, ukazishika karanga ndani. Mwaka 1951 serikali yao iliuacha mradi huo. Mkulima yeyote wa pale angeweza kuwaambia habari za udongo ule. Nikiwaza habari ya Kongwa, zamani nilikuwa nikicheka. Siku hizi nakumbuka bango langu na karanga zake.

Na njaa yenyewe, mara nyingi haikutoka katika ujinga wa wenye njaa. Bibi yangu alitusimulia habari za Mtunya, njaa kuu iliyowapata Wagogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakatika. Watu wengi mno walikufa. Watu hao walikuwa wakiijua ardhi yao, mbegu zao na majani ya porini yanayolika. Hakuna somo la makundi ya vyakula ambalo lingewaokoa. Ghala limechukuliwa, utamfundisha nini mwenye ghala?

Msomaji anaweza kuniambia: basi kaa kimya. Kama njaa inatokana na umaskini, vita, mume anayeuza karanga na kisima kilicho mbali, afisa lishe ana kazi gani? Nimelipima wazo hilo kwa miaka mingi, na nimelikataa. Nitatoa mfano mmoja.

Uji wa mtoto una mtego. Ukiwa mzito, mtoto mdogo hawezi kuumeza. Ukiongeza maji, anashiba maji. Tumbo lake ni dogo. Bakuli limejaa lakini unga uliomo ni kiganja kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa hapa nchini waliandika juu ya dawa ya mtego huo, nayo ni kimea. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa, machipukizi hupukuswa, kisha husagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito, uji hulainika na kuwa mwepesi mbele ya macho yako, bila kuongeza maji. Bakuli lilelile sasa linabeba chakula kingi zaidi.

Nilipoanza kulifundisha jambo hili, nilijiandaa kueleza kimea ni nini. Bibi mmoja akanikatiza. "Mwanangu, kimea? Sisi pombe tunapikia nini?" Kila nyumba ilikuwa nacho. Walikijua kuliko mimi: siku ngapi za kuloweka, kivuli gani cha kukaushia. Lililokosekana ni kukitoa kwenye mtungi wa pombe na kukipeleka kwenye bakuli la mtoto. Hilo ndilo nililoleta, na lilikuwa dogo, na lilisaidia. Halikumtaka mama awe na fedha asizokuwa nazo wala saa asizokuwa nazo. Tangu siku ile nilianza kuyapima mashauri yangu kwa swali hilo: je, ninachosema kinamwongezea huyu nguvu, au kinamwongezea deni?

Wapo waliolijua hili mapema na kwa ukubwa zaidi yangu. Mwaka 1983, katika mkoa wa Iringa, ulianza mradi wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa kijijini, na matokeo yakasomwa katika kikao cha kijiji. Halafu watu wakaulizana: kwa nini? Jibu halikuwa mama fulani ni mvivu. Majibu yalihusu kazi nyingi za wanawake, maji, malaria, mtoto kukosa wa kumlisha mchana. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulelea watoto wakati mama wako shambani. Utapiamlo mkali ulipungua sana kabla ya mwisho wa miaka ile ya 1980, na mafunzo ya Iringa yaliingia katika mkakati wa lishe ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990 kwa dunia nzima. Mtu akiniuliza sayansi ya lishe ya Tanzania iliipa dunia nini, namjibu: iliipa desturi ya kuuliza kwa nini mara tatu kabla ya kushauri mara moja.

Na bado swali halijaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mwaka 2015-16 walikuwa 34. Tumepiga hatua, lakini tazama ni wapi hali ilikuwa mbaya kuliko kwingine: Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa, kisha Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa ya mahindi, ambayo hulisha mikoa mingine. Dodoma yetu, ambayo watu huitania kwa ukame wake, haikuwa miongoni mwa hiyo. Basi hata anayesema "wape chakula, mengine ni porojo" amekosea kama nilivyokosea mimi niliyesema "wape elimu." Ghala linaweza kujaa na mtoto akabaki mfupi, kama mama hana saa, hana sauti, au mtoto anaharisha kila mwezi.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini, wateja wangu wengi walikuwa watu wa mjini. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kikamilifu, mji ulipanuka, na kisukari na shinikizo la damu tulikuwa nazo tayari. Huku nako nilikuta lawama ileile imevaa suti: amejitakia. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliingia ofisini akasema kabla sijafungua faili, "Najua utaniambia nimejitakia." Safari hii nikauliza kwanza. Akanieleza miaka thelathini ya barabarani: kutwa nzima soda na chapati, mlo mmoja mzito saa nne usiku, kisha kulala ndani ya gari. Tulianzia hapo. Nilipomtajia ugali wa uwele badala ya sembe, alicheka hadi machozi. Alikuwa ameukimbia kijijini akiwa kijana kwa kuona ni chakula cha maskini. Sasa bei yake sokoni imepanda na daktari anaupendekeza.

Asubuhi nilimjibu binti wa kaka yangu. Nilimwambia ni kazi, na ni kazi ngumu, lakini ugumu wake hauko katika kemia. Chuo kitamfundisha protini na madini, na ayashike vizuri, maana moyo mwema usiojua kitu nao huua watoto. Ila asidhani kwamba kujua kunampa haki ya kusema. Haki hiyo anaipata kwa yule anayemshauri, baada ya kumsikiliza, na anaweza kunyang'anywa siku yoyote. Nikamsimulia habari ya yule mama wa karanga. Sikuwahi kumwona tena. Nilisikia tu kwamba alirudi kwa mumewe baada ya kujifungua, wazee walipozungumza. Sikuwa na sehemu yoyote katika upatanisho huo.

Baadaye tulikwenda stendi kumkatia tiketi ya kurudi kwao. Tukaketi kwenye benchi la mama lishe mmoja. Alitufutia meza, akatutazama, akauliza, "Nikupeni nini, wapendwa? Na mna haraka au mna nafasi?" Binti alinigeukia akatabasamu. Sikuwa na la kuongeza. Tuliagiza ugali, mlenda na maharage.